Mtawa wa Kibudha akikosa, muumini anyamaze? Kashfa za Thailand na kanuni zilizosahauliwa

Kalamu ya Pangani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Katikati ya Juni 2025 mkuu wa Wat Tri Thotsathep, hekalu mashuhuri la Bangkok, aliacha utawa ghafla. Mwezi uliofuata polisi walimkamata mwanamke waliyemtuhumu kwamba alijenga uhusiano wa kimapenzi na watawa kadhaa wa ngazi za juu, kisha akawatoza fedha ili asiwaumbue. Walisema kuwa akaunti zake zilipokea takriban baht milioni 385 katika miaka 3, na kwamba walikuta kwake picha na video zaidi ya 80,000. Watawa wasiopungua 9 walivuliwa majoho. Mfalme akafuta mwaliko wa watawa 81 waliokuwa wapokee vyeo katika maadhimisho ya siku yake ya kuzaliwa, nao polisi wakafungua njia ya mtandaoni ya raia kuripoti mtawa yeyote mwenye mwenendo mbaya.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mbudha wa Thailand hulelewa akiamini kwamba kumsema mtawa ni dhambi inayomrudia msemaji, hivyo majirani wa hekalu wanaweza kuyajua ya mkuu wao kwa miaka na wasiyatamke nje ya jiko. Leo mtu huyohuyo anaambiwa na dola ataje jina, aambatishe picha na atume. Kati ya kunyamaza kabisa na kushtaki polisi hakuna daraja. Hoja yangu ni kwamba daraja lilikuwapo, lilijengwa na Budha mwenyewe, na waliolibomoa si waumini.

Kwa asiyeifahamu Vinaya, hiyo ni sheria ya maisha ya watawa. Katika mapokeo ya Theravada, yanayofuatwa Thailand, Sri Lanka, Myanmar, Kambodia na Laos, mtawa wa kiume hufungwa na kanuni 227, na kila nusu ya mwezi watawa hukusanyika ili zisomwe mbele yao. Nne za kwanza huitwa parajika: kujamiiana, kuiba, kuua binadamu, na kujidai kuwa na uwezo wa kiroho usio wa kawaida ilhali mtu anajua kuwa anadanganya. Atendaye mojawapo hakisubiri kikao wala barua ya kumfukuza, kwa kuwa utawa wake umekwisha palepale. Maandiko humfananisha aliyetenda kosa la nne na mvumo uliokatwa kilele, ambao hauchipui tena.

Lakini utamu wa Vinaya haumo katika orodha ya kanuni. Umo katika visa vinavyoeleza kwa nini kila kanuni ilitungwa, na humo sauti ya mtu wa kawaida inasikika karibu kila ukurasa. Mtawa anafanya jambo, watu wananung'unika na kulieneza, habari zinamfikia Budha, ndipo kanuni inatungwa. Manung'uniko hayo hayahesabiwi kuwa umbea. Ndiyo yanayofungua kesi.

Chukueni kisa cha kanuni ya wizi. Mtawa Dhaniya, mwana wa mfinyanzi, alitaka mbao za kujengea kibanda, akamdanganya mlinzi wa ghala la Mfalme Bimbisara kwamba mfalme amekwisha kumpa, akazichukua. Watu wa mji wa Rajagaha walipolalamika, Budha hakukimbilia kupima kosa kwa mizani ya kiroho. Alimgeukia mtawa mmoja ambaye zamani alikuwa ofisa wa mahakama, akamuuliza ni wizi wa thamani gani ambao Bimbisara humwadhibu mwizi kwa kumuua, kumfunga au kumfukuza nchini. Akajibiwa kuwa ni pada moja, yaani masaka 5, sarafu za zama zile. Basi kiwango hichohicho kikawa mpaka wa parajika. Wanaosema leo kwamba sheria ya nchi haina mahali katika mambo ya watawa wanapaswa kukisoma kisa hiki mara mbili.

Kisa cha Kosambi kina uzito zaidi. Watawa wa mji huo waligombana vikali juu ya jambo dogo, Budha akawasuluhisha wakakataa kusikia, naye akaondoka zake. Waumini wa Kosambi hawakuandika waraka wala hawakumwendea mfalme. Walikubaliana tu kutowaamkia watawa wale, kutosimama wanapopita, na kutotia chakula katika mabakuli yao. Mabakuli yalipokuwa matupu, watawa walifunga safari hadi mji wa Savatthi, alikokuwa Budha, wakapatanishwa. Mtawa hapiki wala halimi; anakula kwa mkono wa mtu mwingine kila asubuhi, na mkono huo ukikunjwa, hana pa kukatia rufaa.

Mkono huo Thailand ulifungwa na nani? Ulifungwa na sheria, hatua kwa hatua. Sheria ya 1902 ya Sangha, yaani jumuiya ya watawa, enzi ya Mfalme Chulalongkorn, iliwaweka watawa wote chini ya ngazi moja ya uongozi. Ile ya 1941, iliyotungwa baada ya mapinduzi ya 1932, ilijaribu kugawa madaraka kati ya mkutano wa watawa, baraza la utendaji na mahakama za Vinaya. Mwaka 1962 Sarit Thanarat, mwanajeshi aliyekuwa waziri mkuu, aliufuta mpango huo akarudisha madaraka mikononi mwa Baraza Kuu la Sangha, na marekebisho ya 2018 yakampa mfalme uwezo wa kuwateua wajumbe wake. Kwa sheria hiyo hekalu ni mtu kisheria, na mwakilishi wake ni mkuu wa hekalu, ambaye ndiye msimamizi wa mali. Waumini wanaotia fedha sandukuni hawana kura popote.

Ndiyo maana sishangazwi na kesi ya Wat Rai Khing, mkoani Nakhon Pathom, ambako Mei 2025 mkuu wa hekalu alikamatwa kwa tuhuma za kuchota zaidi ya baht milioni 300, huku polisi wakiihusisha fedha hiyo na kamari ya karata mtandaoni. Kesi ni ya mahakama, nami simhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba kiasi kama hicho hakitoki kwa siku moja, na kama tuhuma ni za kweli, hapakuwa na muumini mwenye haki ya kufungua daftari akauliza.

Kuna pia Wirapol Sukphol, yule mtawa aliyejulikana kama Luang Pu Nen Kham. Mwaka 2013 ilisambaa video yake akiwa ndani ya ndege binafsi, amevaa miwani ya jua, na mkoba wa Louis Vuitton ukiwa pembeni. Dunia ilicheka mkoba. Lakini mtu huyo alikuwa amejidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida na kuchangisha fedha za sanamu kubwa ya Budha ya zumaridi. Madai ya namna hiyo, yakiwa ya uongo unaojulikana kwa msemaji, ni parajika ya nne waziwazi, kosa ambalo lingemaliza utawa wake kabla hata ya baht ya kwanza kutolewa. Alikimbilia ng'ambo, akarejeshwa kutoka Marekani mwaka 2017, na Agosti 2018 akahukumiwa miaka 114 kwa ulaghai, utakatishaji wa fedha na makosa ya kompyuta, ingawa sheria ya Thailand ilimwekea kikomo cha miaka 20. Miezi michache baadaye akaongezewa 16 kwa makosa ya kingono dhidi ya mtoto. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikera kuliko ndege na mkoba. Mtoto yule alihitaji mtu mzima mmoja asiyeogopa kumsema mtawa.

Naomba michango yenu.

Mwanasheria Mstaafu

Ndugu Kalamu, nimekusoma kwa makini, lakini umeruka mambo mawili ambayo yanaidhoofisha hoja yako.

La kwanza, katika Vinaya hiyohiyo unayoisifu, kanuni ya 9 katika kundi la pacittiya, yaani makosa madogo ambayo mtawa huyaungama, inasema kwamba mtawa anayemweleza mtu asiye mtawa kosa zito la mtawa mwenzake, bila idhini ya jumuiya, ametenda kosa. Huwezi kusema kwamba mapokeo yalitaka mambo yaanikwe hadharani huku kanuni inakataza.

La pili ni la haki. Kifungu cha 29 cha sheria ya 1962 kinaruhusu mtawa anayeshukiwa kwa jinai avuliwe joho iwapo ofisa wa upelelezi haoni sababu ya kumpa dhamana na mkuu wa hekalu hakubali kumpokea. Tarehe 24 Mei 2018 polisi walivamia mahekalu alfajiri, yakiwamo Wat Saket na Wat Sam Phraya, katika kesi ya fedha za ruzuku ya mahekalu, wakawakamata watawa wakubwa, wakiwamo wajumbe wa Baraza Kuu. Waliponyimwa dhamana, walivuliwa majoho siku hiyohiyo. Hapakuwa na hukumu wala ushahidi uliosikilizwa, na picha zilikwisha kuzunguka dunia. Mtu aliyekaa katika utawa tangu ujana amepokonywa maisha yake yote kwa uamuzi wa polisi. Huko ndiko kuwajibika hadharani unakokutaka?

Kalamu ya Pangani

Shikamoo mzee wangu. Umenishika pabaya, nami nitaanza na hilo la pili kwa sababu huko sina ubishi mkubwa.

Kumvua mtu joho kabla ya hukumu ni adhabu iliyotangulia kesi, na Vinaya haijui kitu kama hicho. Kwa mtawa, joho si sare ya kazi ambayo utaivaa tena Jumatatu ukishinda rufaa. Vinaya yenyewe iliogopa sana tuhuma za uongo. Dabba, mwana wa Malla, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa malazi na mialiko ya chakula, alisingiziwa uzinzi na watu waliochukizwa na mgawo wao. Kutokana na kisa chake ilitungwa kanuni kwamba mtawa anayemzushia mwenzake parajika ametenda kosa la sanghadisesa, ambalo ni la daraja la pili kwa uzito na humfanya awekwe chini ya uangalizi na kupoteza heshima zake kwa muda. Ningependa kuona njia hiyo ya polisi ya kuripoti ina kinga gani inayolingana na hiyo.

Kuhusu pacittiya ya 9, mzee wangu, angalia inamfunga nani. Inamfunga mtawa, kwa maana watawa walikuwa wakianikana mbele ya watu ili kukomoana. Muumini aliyeona kwa macho yake hatajwi humo. Kisha kanuni ya 64 ya kundi hilohilo inasema kwamba mtawa anayeficha kosa zito la mwenzake naye amekosa. Zisomeni pamoja, mtaona kuwa mtawa anatakiwa kulipeleka jambo mbele ya watawa wenzake, asilinyamazie wala asilipeleke sokoni kabla jumuiya haijaamua. Nayo jumuiya inaweza kuamua litangazwe. Devadatta, binamu wa Budha, alipotaka apewe uongozi wa watawa akakataliwa, Sangha ilipitisha azimio rasmi na Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Budha, akatumwa mjini Rajagaha kuwatangazia watu kwamba atakayoyafanya Devadatta tangu siku hiyo ni yake mwenyewe, si ya Budha, si ya mafundisho, wala si ya jumuiya. Nafikiria jinsi tangazo fupi kama hilo lingeokoa watu wengi iwapo baraza lolote lingelitoa mapema kuhusu wachangishaji wa zama zetu. Mabaraza huchagua kuyamaliza nyumbani, mpaka yanamalizwa na kamera.

Binti Makame

Wakubwa, naona mnazungumza kana kwamba mtawa, polisi na mwanamume mwenye sadaka ndio peke yao duniani. Katika kashfa hii ya 2025 uso uliosambazwa zaidi ni wa mwanamke. Watawa waliotumia fedha za hekalu wanaitwa walionaswa, naye anaitwa mtego. Isitoshe, zikazuka sauti za kutaka wanawake wanaofanya mapenzi na watawa wafungwe. Je, hiyo Vinaya yenu ina neno lolote kwa mwanamke zaidi ya kumtaja kuwa hatari?

Kalamu ya Pangani

Dada yangu, swali lako limegusa mahali ambapo nilitaka kufika na nikaogopa kurefusha.

Baada ya makundi mawili ya makosa mazito kuna kanuni 2 tu zinazoitwa aniyata, maana yake zisizoamuliwa. Chanzo chake ni Visakha, muumini maarufu wa Savatthi, mke, mama na bibi wa wajukuu wengi. Alimkuta mtawa Udayin amekaa na mwanamke kijana mahali pa faragha. Akamwambia palepale kuwa haifai, hata kama hana nia mbaya, kwa sababu watu hawataamini. Udayin alipuuza, ndipo Visakha akawaeleza watawa na habari ikamfikia Budha. Kanuni iliyotoka hapo inasema kwamba muumini wa kike ambaye neno lake linaaminika akieleza alichokiona, na mtawa akakiri kuwa alikaa hapo, basi mtawa atashughulikiwa kwa mojawapo ya makosa yanayotajwa, yaweza hata kuwa parajika, au kwa lile alilolieleza mwanamke huyo.

Tafakari uzito wake. Katika India ya zama zile, neno la mwanamke asiye mtawa lilifungua shauri dhidi ya mtawa, tena likawekwa katika kanuni inayosomwa kila nusu ya mwezi mpaka leo. Kanuni inasomwa Bangkok, lakini mlango wa kuitumia umefungwa. Tangu 1928 kuna agizo linalowakataza watawa wa Thailand kuwatawaza wanawake, kwa hiyo katika ngazi zote zinazowahukumu watawa hakuna mwanamke hata mmoja. Visakha wa leo akipeleka habari, atazipeleka kwa nani? Naona amebakiwa na ukurasa wa polisi, ambako naye atapigwa picha.

Kuhusu kifungo kwa wanawake, siungi mkono hata kidogo. Aliyeweka nadhiri ni mtawa. Mwanamke aliyemtisha mtu ili apewe fedha, sheria ya jinai inamtosha kama inavyomtosha mwanamume aliyefanya hivyo. Kutunga kosa jipya kwa ajili ya kitanda ni kuhamisha mzigo wa nadhiri na kumtwika mtu ambaye hakuapa kitu.

Mkaazi wa Upanga

Mimi hupita mara kwa mara karibu na hekalu la Kibudha la hapa Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa hiyo mada hii inanivutia. Swali langu ni fupi. China walimshughulikia mkuu wa Shaolin kwa siku mbili tu: Julai 27, 2025 hekalu likatangaza kuwa anachunguzwa, na kesho yake chama cha Wabudha wa China kikamfutia cheti cha utawa. Je, si afadhali dola lenye nguvu kuliko kubishana juu ya kanuni za kale?

Kalamu ya Pangani

Mkuu, siku mbili hizo zilitanguliwa na miaka 10. Mkuu huyo wa Shaolin, Shi Yongxin, alishtakiwa hadharani na mwanafunzi wake wa zamani mwaka 2015, kwa mambo yaleyale ya fedha na wanawake. Serikali ya mkoa wa Henan ikachunguza na kumsafisha, akaendelea kuongoza. Dola lenye nguvu huharakisha siku linapotaka, na huchelewa siku lisipotaka, na muumini hana saa ya kuliamsha. Kilichonivutia zaidi China ni cha 2018, pale watawa wawili wa hekalu la Longquan, Beijing, walipoandika waraka wa kurasa 95 wakimtuhumu mkuu wao Xuecheng kuwadhalilisha watawa wa kike. Alikuwa rais wa chama chenyewe cha Wabudha wa China, na alijiuzulu Agosti mwaka huohuo. Wale wawili walifanya kile kinachotakiwa na kanuni ya 64, kwa gharama kubwa kwao.

Sri Lanka nako katiba inaupa Ubudha nafasi ya kwanza, na matokeo yake ni mseto. Mtawa Galagodaatte Gnanasara alihukumiwa miaka 6 mwaka 2018 kwa kudharau mahakama, Rais Sirisena akamsamehe Mei 2019, na Januari 2025 akahukumiwa tena miezi 9 kwa maneno dhidi ya Uislamu aliyoyasema mwaka 2016. Mahakama zilifanya kazi yake. Msamaha ulitoka mahali palepale ambapo dini na siasa hula sahani moja.

Umeniuliza kama nguvu ya dola si afadhali. Kwa wizi, ubakaji na mauaji, naam, polisi, tena bila kuchelewa, kama Budha alivyouliza kiwango cha Bimbisara. Kwa fedha za hekalu, ningetaka hesabu za kila mwezi zibandikwe ukutani pale watu wanapovua viatu, na watia saini wasiteuliwe wote na mkuu wa hekalu. Sheria ya 1962 imekwisha kusema katika kifungu cha 45 kwamba watawa wenye nyadhifa za uongozi na wasimamizi wa mali ya hekalu huhesabiwa kuwa maofisa kwa madhumuni ya sheria ya jinai. Ikiwa ni maofisa wa kushtakiwa, ni maofisa wa kukaguliwa pia. Kwa yaliyobaki, ya mtawa mlevi, mvivu au mwenye ulimi mchafu, Kosambi inatosha.

Lakini silisemi hili la Kosambi kwa wepesi, kwa maana najua linavyomgharimu muumini. Novemba 2022, katika wilaya ya Bung Sam Phan, mkoani Phetchabun, watawa wote wa hekalu moja dogo, wanne, akiwamo mkuu wao, walipimwa wakakutwa na methamfetamini, wakavuliwa majoho na kupelekwa kwenye matibabu ya uraibu. Hekalu likabaki tupu. Wanakijiji hawakushangilia. Walichosikitikia ni kwamba asubuhi hapakuwa na bakuli la kutilia chakula, na bila bakuli hakuna thawabu ya kuchuma. Mkuu wa watawa wa eneo hilo akaahidi kuwaletea wengine.

Mwenye kujua kama hao wapya walipofika kuna mwanakijiji aliyepewa ufunguo mmoja wa sanduku la sadaka, tafadhali atuandikie hapa.